Viungo Vishibe Moto, Mayai Yaonje Tu: Namna ya Kupika Akuri

Mayai ya kuvuruga yameonewa. Kila asiyejua kupika hujitetea kwayo: vunja, koroga, mimina kikaangoni, pakua. Matokeo yake tunayajua. Sahani inakuja na vipande vikavu vyenye kingo za kahawia, majimaji ya nyanya yametuama chini yake, na aliyetaka kuyachangamsha kwa viungo ameambulia mayai yenye harufu ya manjano mabichi.

Waparsi wa India wana mayai yao ya asubuhi yanayoitwa akuri. Yana kitunguu, pilipili mbichi, tangawizi, saumu, manjano, nyanya na kotmiri. Ni makali ya kumwamsha anayesinzia kitini, na bado ni laini kiasi cha kutandazika juu ya mkate. Ukiipitia orodha hiyo utaona hakuna kitu usichoweza kukipata Kariakoo, Darajani au Marikiti. Kinachoitofautisha akuri na mayai ya kila siku ni mgawanyo wa moto. Viungo hupewa moto mpaka vishibe, mayai huonjeshwa tu. Mpishi anayefanya kinyume, akaharakisha viungo na kuyakalia mayai, hupata hasara mbili kwa mpigo: viungo vibichi ndani ya mayai yaliyokauka.

Akuri ni ya nani

Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta. Wahenga wao walitoka Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakatia nanga pwani ya Gujarat, magharibi mwa India, na masimulizi yao huutaja mji wa Sanjan kuwa ndio uliowapokea. Wakashika lugha ya Kigujarati, na wengi wa vizazi vya baadaye wakahamia Mumbai. Ni watu wachache mno. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu 57,264 tu katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Hata hivyo jikoni jina lao ni kubwa, na kwenye mayai hawana mpinzani. Wana kundi zima la vyakula vinavyoitwa per eedu, ambavyo ni kitoweo chochote kilichovunjiwa mayai juu yake: bamia, nyanya, viazi, hata mabaki ya jana. Lakini kati ya mayai yao yote, akuri ndiyo maarufu zaidi.

Mumbai utaikuta majumbani na kwenye mikahawa ya Kiirani, ile iliyofunguliwa na Wazoroasta wengine waliokuja kutoka Iran miaka mingi baada ya Waparsi wa kwanza. Kyani & Co., uliofunguliwa mwaka 1904, ni miongoni mwa ile ya zamani inayofanya kazi hadi leo. Huko akuri huletwa na mkate uliopakwa siagi na kikombe cha chai ya maziwa.

Pwani yetu nayo iliwaona Waparsi. Walifanya kazi za serikali na biashara Unguja, Mombasa na Nairobi. Mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoka katika familia ya Kiparsi, na baba yake alikuwa keshia katika mahakama ya Zanzibar. Kwa hiyo haya si mapishi ya mbali kama jina lake linavyosikika.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinawatosha watu watatu:

Mayai 6 ya kisasa, au 8 ya kienyeji kwa kuwa ni madogo
Samli vijiko vikubwa 2, au mafuta kijiko kimoja na siagi kijiko kimoja
Kitunguu maji 1 kikubwa
Nyanya 2 za wastani, zilizoiva lakini ngumu
Pilipili mbichi ndefu 2
Tangawizi na saumu zilizotwangwa pamoja, kijiko cha chai 1
Bizari nyembamba nzima, nusu kijiko cha chai
Manjano ya unga, robo kijiko cha chai
Majani ya kotmiri, yaani giligilani au dania, fungu dogo
Maziwa vijiko vikubwa 2, au malai kijiko kimoja
Chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kuanzia
Ndimu nusu, ya mezani

Usiongeze manjano kwa kudhani rangi itapendeza zaidi. Mayai yana rangi yake, na manjano yakizidi huacha uchungu unaobaki mdomoni mpaka saa nne.

Pilipili ichague kwa akili. Ukali wake umejaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo ukiipasua na kuukwangua utando huo kwa ncha ya kisu unapunguza makali bila kupoteza harufu. Kama unayo pilipili mbuzi peke yake, robo moja iliyotolewa utando inatosha, na ina harufu nzuri sana kwenye mayai. Pilipili kichaa weka moja tu. Watoto wakiwa mezani, chanja pilipili nzima upande mmoja, ikaange na kitunguu, kisha itoe kabla ya kumimina mayai. Na mtu akiwashwa, mpe maziwa. Maji hayamsaidii, kwa sababu kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki kwenye maji.

Mayai yajaribu kwanza. Litumbukize yai kwenye bakuli la maji: likilala chini ni jipya, likisimama kwa ncha limekaa lakini bado linafaa, likielea litupe. Hata yaliyofaulu, livunje kila moja kwenye kikombe kabla ya kulichanganya na wenzake. Yai moja viza huharibu bakuli zima, na asubuhi duka la karibu huenda bado halijafunguliwa.

Kikaango kiwe kizito, chenye upana wa sentimita 24 hivi. Sufuria nyembamba ya alumini hupata moto kwa mafungu: katikati inaunguza huku pembeni mayai hayajajua kama yapo jikoni. Mwiko uwe wa mbao, wenye ncha bapa inayokwangua kitako vizuri.

Kukata

Kitunguu kikate vipande vidogo, visizidi punje ya mahindi. Vipande vikubwa haviivi kwa wakati, halafu vinakatisha ulaini wa mayai kila unapotafuna. Nyanya zikate katikati, toa mbegu na maji yake kwa kidole, kisha katakata nyama peke yake. Maji ya nyanya nayo hutuama chini ya sahani, na njia rahisi ya kuyazuia ni kutoyaingiza. Yaweke pembeni, utayatia kwenye mchuzi wa mchana.

Kotmiri itenganishe. Mashina yakate laini kabisa na yaende na kitunguu, maana yanastahimili moto na yana ladha kuliko majani. Majani yasubiri mwisho.

Hatua kwa hatua

1. Anza na mayai, kabla hata ya kuwasha jiko. Yavunje, tia chumvi na maziwa, piga kwa uma mpaka ute na kiini vichanganyike. Usiyapige hadi yatoe povu, hutengenezi keki. Yaache yakae dakika 10 hadi 15 huku ukishughulika na mengine. Chumvi ikipata muda huo ndani ya mayai huyasaidia kushika maji yake yakiwa jikoni, na ndiyo maana huwekwa sasa, haiwekwi mwishoni. Rangi ya mayai itakolea kidogo na yatakuwa mepesi zaidi. Usishtuke, ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

2. Teleka kikaango kwa moto wa wastani, tia samli. Ikishayeyuka na kupata moto, tupa punje mbili za bizari nyembamba. Zikilia na kucheza, tia zilizobaki. Sekunde 20 au 30 zinatosha. Zikigeuka nyeusi mwaga, uanze upya, maana bizari iliyoungua ni chungu na haifichiki.

3. Tia kitunguu na mashina ya kotmiri na chumvi chembe. Hapa ndipo penye kazi. Kitunguu kinahitaji dakika 7 hadi 8, na wengi wetu hukipa mbili. Dakika za mwanzo kitatoa maji na kulainika. Baadaye kitakuwa kinang'aa, kikipenyezwa na mwanga. Endelea mpaka kingo zianze kupata rangi ya dhahabu na harufu kali ya kitunguu kibichi igeuke kuwa tamu. Kikianza kushika kitako, nyunyiza maji kijiko kimoja, ukwangue, uendelee. Usikifikishe kwenye kahawia ya pilau. Ukifika huko, utamu wake utayafunika mayai.

4. Tia tangawizi, saumu na pilipili. Koroga dakika moja, mpaka harufu ya ubichi wa saumu iondoke. Kisha tia manjano, koroga nusu dakika yapate mafuta. Manjano yasiyokutana na mafuta ya moto hubaki na ladha ya vumbi hata ukiyapika baadaye saa nzima.

5. Tia nyanya. Zipike dakika 4 hadi 5, ukiziponda kwa mgongo wa mwiko, mpaka zivunjike na rojo likauke. Dalili ya kuaminika ni hii: buruta mwiko katikati ya kikaango. Njia uliyoichora ikibaki wazi, na samli ikaanza kujitenga pembeni kwa rangi ya machungwa, rojo limeiva. Njia ikijifunga kwa maji, bado. Mpaka hapa viungo vimeshapata moto wote vinaoutaka, na mayai hayajaguswa.

6. Epua kikaango. Ndiyo, kiondoe jikoni kabisa kwa dakika moja nzima, na jiko ulipunguze mpaka moto mdogo. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo inayoamua kama utakula akuri au utakula mayai ya kawaida yenye viungo. Rojo lililotoka kutokota lina joto la kuyakamata mayai papo hapo, na yai likishakamatwa halirudi kuwa laini.

7. Rudisha kikaango kwenye moto mdogo, yakoroge mayai mara moja ya mwisho, yamimine juu ya rojo. Yaache sekunde 10 bila kuyagusa. Kisha anza kuyasogeza taratibu: ingiza mwiko pembeni, ukwangue kitako kwenda katikati, zungusha kikaango, rudia. Mara ya kwanza na ya pili utaona kama hakuna kinachotokea. Ni uji wa njano wenye madoa mekundu. Halafu nyuma ya mwiko zitaanza kubaki nyuzi laini zilizoshikana, na kila unapopita zinaongezeka na kunenepa. Uji unapungua, mabonge madogo yanayong'aa yanazidi. Ukiona mvuke mwingi au ukasikia kikaango kikilia, nyanyua kikaango hewani, uendelee kukoroga hukohuko juu, kisha urudishe.

8. Epua kabla hayajaiva. Mabonge yakiwa mengi, lakini katikati yake bado kuna sehemu zinazotiririka polepole kama malai, ondoa kikaango jikoni. Tangu kumimina hapo zimepita dakika 3 au 4 hivi. Tupia majani ya kotmiri, na kama unayo siagi baridi, ongeza kipande kidogo. Koroga mara tatu nne. Joto lililobaki ndani ya kikaango litamalizia kazi, na siagi itayazuia yasivuke mpaka. Pakua papo hapo. Mayai yakiachwa ndani ya kikaango cha moto huku mtu anaitwa kutoka bafuni yataendelea kujipika, kwa hiyo muite mlaji kabla hujamimina mayai.

Kwa nini moto mdogo

Ute wa yai huanza kushika kwenye nyuzijoto 62 hivi za Selsiasi, na kiini hufuata kati ya 65 na 70. Maji hutokota 100. Maana yake mayai huiva mbali sana chini ya joto la kikaango kinacholia. Yanapoiva taratibu, nyuzi zake hushikana kwa ulegevu na kufunga maji na mafuta ndani yake. Huo ndio ulaini unaousikia mdomoni. Joto likizidi, nyuzi zilezile hukazana, zikayakamua maji nje. Mayai yaliyokauka na majimaji yaliyotuama chini yake ni kosa moja lenye sura mbili: kama nyanya zilikaushwa, kilichoko sahanini ndicho kilichotoka ndani ya yai.

Kwa wenye jiko la mkaa

Akuri inapikika vizuri kwenye mkaa, mradi usiusubiri moto upungue wenyewe. Pika kitunguu na nyanya mkaa ukiwa umekolea. Ukiepua kikaango ile dakika moja, tumia muda huo kuusogeza mkaa pembeni na kuufunika kwa jivu, ubaki mwekundu hafifu. Bado ni mkali? Weka mawe matatu madogo juu ya kingo za jiko, kikaango kikae juu yake, kiachane na mkaa kwa upana wa vidole viwili. Jiko la umeme nalo lina tabia yake: sahani yake haipoi upesi hata ukizima, hivyo mayai yapike kwa kutegemea joto lililobaki, swichi ikiwa imezimwa.

Yakienda mrama

Yametoa maji. Nyanya hazikukaushwa au moto ulizidi. Yamimine upesi kwenye chujio kwa sekunde chache, yarudishe kwenye sahani na siagi kidogo. Hayatakuwa akuri ya kujivunia, lakini yatalika.

Yameshikana bonge moja kubwa. Ulimimina kwenye kikaango cha moto mno. Yavunjevunje kwa uma, tia malai kijiko kimoja, uyaweke ndani ya chapati pamoja na kachumbari. Kwenye chapati ukavu hauonekani sana.

Yana uchungu. Ama bizari imeungua ama manjano yamezidi. Ndimu na chembe ya sukari hupunguza, hazimalizi.

Yamepooza ladha. Mara nyingi ni chumvi pungufu. Onja rojo kabla ya kumimina mayai. Likiwa kamili peke yake, mayai yatalitawanya. Kwa hiyo rojo linatakiwa lizidi kidogo, kwa chumvi na kwa ukali.

Asubuhi ya shule, na wageni wengi

Ukisoma hatua hizi utaona kazi kubwa iko kwenye rojo, na rojo halina haraka. Lipike usiku, mara mbili au tatu ya kipimo, likipoa litie kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji. Litakaa siku tatu bila tatizo. Asubuhi unalipasha moto kiasi unachotaka, unamimina mayai, dakika tano watoto wanakula. Mpangilio huo unafaa pia kwa daku, ila punguza chumvi na pilipili ili kiu isikuandame mchana.

Wageni wakiwa wengi, usitie mayai 20 kwenye sufuria moja. Ya chini yatakauka kabla ya juu kushika. Weka rojo lote kwenye chungu kimoja, kisha pika mayai kwa mafungu, nane kila fungu, ukichota rojo unalohitaji. Kila fungu linaondoka jikoni kwenda mezani moja kwa moja.

Akuri zenye sura nyingine

Waparsi wenyewe hawana akuri moja. Ile ya Bharuch, mji wa zamani wa Gujarat, ni ya kitajiri: samli nyingi, malai, na njugu kama lozi au korosho, pamoja na zabibu kavu, vyote vikakaangwa kwanza na kutupiwa juu. Kwa wanaotoka mikoa ya korosho, kama Mtwara na Lindi, hiyo ndiyo ya kuanza nayo siku ya sikukuu. Vunja korosho vipande vikubwa, zipate rangi kwenye samli, zitoe, uzirudishe mwisho ziwe bado zinavunjika mdomoni.

Msimu wa baridi Gujarat hutoa saumu changa, yenye majani mabichi ya kijani, na wao huikatakata na kuitia kwa wingi badala ya kitunguu. Kwetu majani ya kitunguu hukaribia ladha hiyo, ukiyaongezea punje mbili za saumu. Kuna pia akuri ya embe bichi, ambapo embe huchukua nafasi ya nyanya. Likate vipande vidogo, lipike na kitunguu dakika tatu tu ili libaki na ukakasi. Msimu wa maembe yakiwa bado machanga, jaribu hii kabla ya nyingine zote.

Na ukipenda chipsi mayai, muulizie ndugu yake, sali per eedu. Viazi hukatwa nyembamba kama njiti za kibiriti na kukaangwa mpaka vikauke, vikatandazwa juu ya rojo la kitunguu na pilipili, kisha mayai yakavunjwa mazima juu yake na kufunikwa mpaka ute ushike. Kiini hubaki laini, na unakichanganya na viazi mwenyewe.

Mezani

Akuri inataka mkate wa kuipokea, wenye ngozi inayovunjika kidogo. Boflo la asubuhi lililopasuliwa na kuchomwa upande wa ndani linafaa kuliko mkate laini wa slesi, ambao hulowa. Mkate wa ajemi wa Unguja unaivaa vizuri. Chapati nayo sawa, ila iwe kavu isiyo na mafuta mengi, kwa sababu samli ya kutosha iko ndani ya mayai. Kamulia ndimu mezani, usikamulie kikaangoni.

Chai ya Kiparsi ni ya maziwa, iliyochemshwa na nanaa na mchaichai. Kwa vikombe vitatu, chemsha maji vikombe viwili na mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa kwa mchi, dakika tano. Tia majani ya chai vijiko viwili vya chai na matawi manne ya nanaa, funika dakika mbili, kisha ongeza kikombe kimoja cha maziwa ya moto na sukari. Harufu yake inakata samli, na pilipili inatulia.

Neno la tahadhari

Ulaini wa akuri una mipaka yake. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, mayai yaive mpaka kusiwe na sehemu inayotiririka. Mayai yaliyofikia nyuzijoto 71 za Selsiasi huhesabiwa kuwa salama dhidi ya vijidudu vya salmonela. Hata hapo moto uwe mdogo: yaache dakika moja zaidi ukikoroga, hakuna haja ya kupandisha jiko. Yatakuwa mazito kidogo, lakini yaliyoiva kwa upole bado ni matamu kuliko yaliyochomwa. Osha mikono baada ya kushika maganda, na mayai yenye nyufa usiyatumie kwa pishi hili.

Jumamosi hii, basi, usitafute kiungo kipya. Kipe kitunguu dakika zake 8, epua kikaango kabla ya kumimina mayai, na uyatoe jikoni wakati moyo unakuambia bado kidogo. Ukishindwa kukumbuka yote, kumbuka hilo la mwisho: mayai yanayoonekana yameiva jikoni yatakuwa yamepita kiasi mezani.